Nyuki Juu ya Mayai ya Bi Kanga

Kabla sijaanza, malizeni kucheka. Nitangoja.

Ndiyo, ni mimi niliyeingia nyumba ya jirani. Mama Sikudhani alinialika nije kusimulia hapa kwake, nami nimekuja, ila nimeanzia mlango wa pili. Mtu niliyelala Ujiji, nikavuka ziwa mpaka Kalemie, nikapotea Mombasa, nikapotea tena Lubumbashi na kurudi na viatu vyangu vyote viwili, nimeshindwa na milango miwili ya kijani iliyopakana.

Wale jamaa walinipokea kwa heshima kubwa mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nani anampokea mtu kama mimi kwa heshima kubwa? Wakaniletea pilau, nikala. Wakaniongeza, nikala. Kisha baba mwenye nyumba akakohoa akaniuliza, "Kwa hiyo upande wenu mmeridhia?" Nikadhani anaulizia hadithi. Nikamjibu, "Tumeridhia kwa moyo mmoja." Akina mama wakapiga vigelegele huko ndani. Kumbe walikuwa wanamngoja mshenga. Mama Sikudhani asingenifuata na upawa mkononi, sasa hivi ningekuwa nimeshamposea mtu nisiyemjua hata kwa sura binti wa watu.

Mshenga mwenyewe nimepishana naye mlangoni. Ameninusa. Amejua pilau yake imekwenda wapi.

Haya, basi. Endeleeni kupukuchua mahindi yenu. Mikono ifanye kazi, masikio nipeni mimi.

Hadithi iko mlangoni.

*Ifungulie.*

Ina matope miguuni.

*Iingie nayo.*

Imetoka mbali, ina njaa.

*Itakula tunachokula.*

Hapo kale, kale iliyozeeka mpaka ikasahau umri wake, wanyama walijenga nyumba. Walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka nyasi. Na kama ilivyo kwetu, walipomaliza kujenga walianza kuchunguliana.

Kijiji chao kilikuwa kwenye mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na kijito. Nyumba ya juu ilikuwa ya Mzee Nungunungu, mwenye miiba mgongoni. Nyumba ya kati ilikuwa ya Bi Buku, yule panya mkubwa mwenye mashavu ya kuwekea akiba. Nyumba ya chini ilikuwa ya Bi Kanga, ndege wa madoadoa.

Bi Kanga alikuwa mtu wa kushuku. Alilishuku jua, kwa nini linatokea upande ule ule kila siku. Ukimsalimu, "Habari za asubuhi, Bi Kanga?" alikujibu, "Kwani umesikia nini?"

Lakini msimcheke kama mlivyonicheka mimi. Mwaka uliopita mvua kubwa ilimchukulia mayai yake yote, yakaenda na kijito huku anayatazama. Mwaka huu alikuwa ametaga tena. Aliyaatamia ndani ya nyumba, chini ya paa lake, na vifaranga walikuwa karibu kutoka. Ukiliweka yai sikioni, ulimsikia mtu anagonga kwa ndani. Ko, ko, ko. Kwa hiyo Bi Kanga aliketi juu ya mayai yake na kumkodolea macho kila aliyepita.

Na mbali kidogo, nyuma ya kichuguu, aliishi Nyegere. Nyegere mnamjua. Mfupi, mgongo mweupe, ngozi ngumu isiyosikia sindano ya nyuki, na anapenda asali kuliko anavyopenda ndugu zake. Huyo hakushukiwa na Bi Kanga peke yake. Alishukiwa na kijiji kizima. Kitu kikipotea, watu hawakuuliza nani amechukua. Waliuliza Nyegere amepita saa ngapi.

Asubuhi moja Mzee Nungunungu aliamka akasikia mngurumo juu ya kichwa chake. Vuuu. Akatazama juu. Nyuki wamening'inia kwenye boriti, bumba zima, kama mkungu wa ndizi unaopumua. Akatoka nje mbio, miiba imesimama.

"Nimeingiliwa," akawaambia majirani. "Na hawakupiga hodi."

Jua halijafika utosini, akatokea Tumbili. Alikuwa na kikapu chenye kifuniko mgongoni, na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa msafiri. Nami nawaambia, mtu akianza kuwahesabia miji aliyolala, angalieni chungu cha pilau kiko wapi.

"Hodi, wenyeji," akasema Tumbili. "Nasikia mna nyuki."

"Umesikia wapi?" akauliza Bi Kanga kutoka dirishani kwake.

Hakuna aliyemjali. Ilikuwa kawaida yake.

"Mimi ni fundi wa kutoa nyuki kwenye mapaa," akasema Tumbili. "Wengine wanawasha moto, wanachoma nyuki na nyumba pamoja. Mimi sina moto wala moshi. Naimba tu, wanatoka."

"Na malipo yako, fundi?" akauliza Mzee Nungunungu.

"Mzee wangu, sitaki kitu. Nikiona umelala salama, mimi nimeshiba."

Mzee Nungunungu alitaka kumkumbatia, ila Tumbili aliiona ile miiba akarudi nyuma.

"Kuna mwiko mmoja tu," akasema Tumbili. "Nyuki hawapendi kutazamwa wakihama. Mvuke kijito, mgeuze migongo, na mtu asirudi mpaka wimbo wangu ukome."

Wakavuka. Wakageuza migongo. Bi Kanga peke yake hakuvuka, maana hakuwa na nafasi ya kuvuka kitu chochote. Akabaki kwake, akausikia wimbo ukitoka nyumba ya juu:

*Nyuki, shukeni, shukeni,*
*nyumba ina mwenyewe,*
*nami mgeni wa njia,*
*sina ninachotaka.*

Wimbo ulipokoma, watu wakarudi. Paa kimya. Nyuki hawapo. Tumbili amesimama mlangoni, kikapu mgongoni, anajipangusa jasho.

Mzee Nungunungu akaingia ndani akishukuru. Akatoka akiwa hashukuru tena.

"Viazi vyangu vitamu," akasema. "Vilikuwa uvunguni. Uvungu upo, viazi havipo."

Tumbili akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mimi sipendi kusema watu. Lakini nilipokuwa naimba, nyuma ya nyumba alipita mtu mfupi mwenye mgongo mweupe. Simtaji jina."

Hajamaliza kutomtaja jina, Nyegere huyo anakuja, pua juu. Alikuwa amesikia harufu ya nyuki tangu kule kichuguuni. Akaingia bila kumsalimu mtu, akanusa boriti, akanusa nyasi, akatoka.

"Hakuna asali hapa," akasema, akaenda zake.

"Bila shaka hakuna," Mzee Nungunungu akauambia mgongo wake. "Iko tumboni mwako, imelala juu ya viazi vyangu."

Nyegere akazidi kwenda. Kujitetea hakukuwa mazoea yake.

Siku hazikupita nyingi, Bi Buku naye akaamka na mngurumo. Vuuu. Nyuki kwenye boriti. Bi Buku hakutoka kwa mlango, alitoka kwa dirisha.

Na fundi naye, kwa bahati nzuri, alikuwa bado yuko jirani. Aliitwa akaja.

"Utachukua nini, fundi?" akauliza Bi Buku. "Usiseme hutaki kitu. Mimi nitaona aibu."

"Dada yangu, sitaki hata maji ya kunywa. Vuka kijito, geuza mgongo."

Bi Buku akavuka, Mzee Nungunungu akavuka, wakageuza migongo. Wimbo ukapanda, ukashuka: *nami mgeni wa njia, sina ninachotaka.* Ukakoma. Wakarudi. Nyuki hakuna. Karanga hakuna. Kapu zima la mbegu, Bi Buku alibaki na zile alizokuwa nazo mashavuni.

"Simtaji jina," akasema Tumbili.

Nyegere akaja. Akaingia, akanusa, akatoka.

"Hakuna asali hapa."

Bi Buku akamrushia ufagio. Ukampiga mgongoni, akaondoka nao hatua chache kabla haujaanguka. Hata hakugeuka kuangalia ni nini.

Jioni ile majirani walikubaliana: shughuli za nyuki zikitulia, Nyegere ahamishwe, akaibie kijiji kingine. Bi Buku akashuka mpaka kwa Bi Kanga kumpa habari, huku analia, na mtu analia vibaya akiwa na karanga mashavuni.

Bi Kanga akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Masega yako wapi?"

"Masega gani?"

"Nyuki wakikaa mahali wanajenga. Fundi amewatoa. Masega ameyaacha wapi?"

"Hakuna masega. Nimepanda juu mwenyewe kuangalia. Hakuna nta hata ya kuziba tundu la sindano."

"Na Nyegere alipotoka, mdomo wake ulikuwa umelowa asali?"

Bi Buku akafikiri. "Ulikuwa mkavu. Una vumbi."

"Mh," akasema Bi Kanga.

"Mh nini?"

"Mh tu. Nenda kalale, jirani."

Bi Kanga hakulala vizuri. Alimshuku Tumbili. Akamshuku Nyegere. Akamshuku na Bi Buku kidogo, kwa kuja kulia kwake badala ya kwa Mzee Nungunungu ambaye yuko karibu zaidi.

Kulipokucha akasikia. Vuuu.

Hakuhitaji kutazama juu, lakini alitazama. Walikuwa hapo, kwenye boriti, juu kabisa ya kiota chake. Bumba linavimba, linasinyaa. Nyuki mmoja akashuka akamchoma utosini. Bi Kanga hakuinuka. Chini yake mayai yalikuwa yanagonga. Ko, ko, ko.

Mzee Nungunungu na Bi Buku walifika mlangoni, wakasimama hapo hapo.

"Toka, Bi Kanga," akasema Mzee Nungunungu. "Watakumaliza."

"Na mayai?"

"Yabebe."

"Mzee, kubeba mayai yanayogonga si kubeba viazi. Yakipoa wanakufa. Nikikaa, watatoka leo hii wakiwa na ngozi kama ua. Sindano moja inamtosha kifaranga. Nyuki wangapi wako juu hapo?"

Mzee Nungunungu hakutaka kuhesabu.

Tumbili akaja bila kuitwa. Kikapu chake sasa kilikuwa kimevimba pande zote, na kifuniko chake amekifunga kwa kamba.

"Mama yangu Bi Kanga, usihangaike," akasema. "Nimesikia, nimekuja mbio. Ni kama kawaida. Vuka kijito, geuza mgongo."

"Nani atakaa na mayai?"

"Nitayaangalia mimi huku naimba. Kama wanangu."

"Fundi," akasema Bi Kanga, "unakula mayai?"

Tumbili akaweka mkono kifuani. "Mimi? Mama, yai sijawahi kulionja tangu nizaliwe. Harufu yake tu inanitapisha."

"Na kazi hii unaifanya kwa ajili ya nini?"

"Sina ninachotaka."

"Ahsante, mwanangu. Hebu kapumzike pale kijitoni, nijiandae. Nikiwa tayari nitakuita."

Tumbili akaenda, mkia juu.

Alipofika mbali, Bi Kanga akasema, "Bi Buku, kaniitie Nyegere."

Bi Buku alidhani sumu ya nyuki imempanda kichwani. "Nyegere yupi?"

"Kwani tunao wangapi? Kamwite, jirani. Haraka."

Nyegere akaja. Akaingia bila kusalimu. Nyuki wakamchoma, wakakata tamaa. Akanusa juu, akanusa tena.

"Hakuna asali hapa," akasema, akageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema Bi Kanga. "Sasa kama hakuna asali, wanafanya nini juu yangu?"

"Sijui. Hawajajenga. Wamekizunguka kitu. Si asali, kwa hiyo hakinihusu."

"Nyegere, unakula mayai?"

"Nakula."

Bi Buku alishika mashavu yake yote mawili.

"Haya yangu utayala?"

Nyegere akayatazama mayai. Aliyatazama kitambo kirefu, kuliko ilivyo adabu.

"Nikiwa na njaa, nitayala," akasema. "Nikiwa na asali, sina habari na yai."

Naona Mama Sikudhani ameacha kupukuchua. Unasemaje, mama? "Amfukuze." Na wewe, Mzee Makame, kule nyuma? "Amfukuze na ufagio mpya." Sawa. Na mimi ningemfukuza, halafu ningejificha chini ya kitanda.

Lakini mwenye mayai alikuwa Bi Kanga, na huyu hapa anavyofikiri. Alizaliwa porini. Alikulia porini. Tumbili asiyekula mayai hajamwona, wala mama yake hakumwona. Huyu amemdanganya juu ya tumbo lake mwenyewe. Mtu akikudanganya juu ya tumbo lake, yaliyo kikapuni mwake utayajuaje? Yule mwingine amemwambia ukweli, na ukweli wake unatisha. Hapa uongo umetulia, pale ukweli una meno. Na juu, vuuu. Na chini, ko, ko, ko.

Bi Kanga alikuwa amemshuku kila mtu maisha yake yote. Hakuna siku iliyomfundisha ni nani, kati ya wawili anaowashuku, amwachie mtoto.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Kifaranga akitoka yaini, kabla hajala kitu, hupewa tone moja la asali mdomoni, ili neno lake la kwanza liwe tamu. Bi Kanga alikuwa na kibuyu cha asali alichokitunza kwa siku hiyo tangu mwaka uliopita, tangu wale walioondoka na kijito. Hakuna aliyejua alikokificha. Akapekua majani ya kiota akakitoa.

Pua ya Nyegere ilifika kabla yake.

"Chote hiki chako," akasema Bi Kanga. "Utalala hapa juu ya mayai, tumbo lako liwape joto. Nitakufunika shuka. Utakula polepole, tena kimya. Ukimaliza kabla sijarudi..."

Hakumalizia. Nyegere naye hakumsaidia kumalizia.

"Na mtu akiingiza mkono humu?" akauliza Nyegere.

"Watu wakikuingilia ukiwa unakula huwa unafanyaje?"

"Nauma."

"Basi usijibadilishe."

Nyegere akajilaza. Bi Kanga akamfunika shuka mpaka juu ya pua, akalipangilia kama mtu anavyofunika chungu. Kisha akatoka nje. Tangu aanze kuatamia, ilikuwa mara ya kwanza upepo kumpiga tumboni.

"Fundi," akaita, "niko tayari. Mayai nimeyafunika shuka yasipoe. Usiyaguse."

"Mama, niyaguse yananihusu nini?"

Akavuka kijito. Mzee Nungunungu upande huu, Bi Buku upande huu, Bi Kanga katikati. Wakageuza migongo. Shingo ya Bi Kanga ilitaka kugeuka yenyewe, akawa anaishikilia.

Wimbo ukaanza.

*Nyuki, shukeni, shukeni,*
*nyumba ina mwenyewe...*

Huko ndani giza giza, Tumbili amepanda kwenye boriti. Akaingiza mkono katikati ya bumba la nyuki, taratibu, akachomoa kipande cha mwanzi. Akakitia kikapuni. Nyuki wote wakaacha boriti, wakaufuata mwanzi mpaka ndani ya kikapu, naye akakifunga. Tumbili akashuka. Akalisogelea lile shuka. Akaliona limetuna vizuri. Akatabasamu, akaingiza mkono chini yake.

*...nami mgeni wa njia,*
*sina ninacho*

Hapo wimbo ukakatika.

Ng'ambo ya kijito walisikia sauti nyingine. Haikuwa na maneno, na haikuwa ya kuimba.

Nyegere alikuwa na mdomo ndani ya kibuyu wakati kidole kilipomgusa ubavuni. Akatoa mdomo kwenye kibuyu akautia kwenye mkono. Meno ya Nyegere yakishafunga, hayana haraka ya kufungua. Tumbili akavuta. Nyegere akatulia. Tumbili akavuta tena, kikapu kikamtoka, kamba ikakatika, kifuniko kikaruka, nyuki wakatoka. Vikamwagika viazi vya Mzee Nungunungu. Zikamwagika karanga za Bi Buku. Na kile kipande cha mwanzi kikabingirika, kizibo chake cha nyasi kikachomoka, akatoka nyuki mmoja mrefu, taratibu, kama mtu aliyetoka kifungoni.

Alikuwa mama yao. Malkia. Tumbili alikuwa amemfungia kwenye mwanzi wenye vitundu vya kupumulia. Nyuki hawana shida na nyumba ya mtu, wao wanamfuata mama yao. Akiupenyeza mwanzi usiku paani kwako, wanakuja kwako. Akiuondoa, wanaondoka, nawe unamwita fundi.

Sasa mama yao yuko nje, na aliyemfungia yuko pale, mkono mmoja haupatikani. Nyuki hawakuuliza mara mbili.

Nyegere, kwa kuwa alikumbuka asali yake, akafungua meno. Tumbili akapita mlangoni kama jiwe la kombeo. Alikimbia akigeuka nyuma, akikimbia, akigeuka nyuma, mpaka akamezwa na msitu. Ndiyo maana mpaka leo tumbili akiiba hata hindi moja shambani, hukimbia anatazama nyuma. Wenye shamba hudhani anawaogopa wao.

Bi Kanga aliruka kijito bila kukikanyaga. Akaingia ndani. Nyuki waliobaki wametapakaa sakafuni, wanamzunguka malkia wao, karibu kabisa na kiota.

"Mkanyageni," akasema Mzee Nungunungu kutoka mlangoni. "Huyo ndiye chanzo."

"Halafu asali itoke wapi?" akauliza Nyegere.

Akainuka juu ya mayai. Akachuma jani pana la mgomba nje, akamtelezesha malkia juu yake, akatoka naye. Nyuki wakamfuata kama shela. Kando ya kijito kulikuwa na gogo lenye uwazi ndani. Akamtia humo, wakaingia wote, mmoja mmoja, kundi kwa kundi, mpaka paa la Bi Kanga likanyamaza kabisa. Majirani wakalifunga gogo kamba, wakalining'iniza juu ya mkuyu, wakalifanya mzinga. Nyegere hakusaidia kuvuta kamba. Alikuwa anaangalia tu wasilidondoshe.

Bi Kanga alikuwa ameshakaa kwenye kiota. Lakini kabla hajakaa, alihesabu mayai. Akahesabu tena. Akainua majani akaangalia chini. Yalikuwa yote, tena ya moto.

"Nyegere," akamwita. "Hukula hata moja?"

"Nilitaka kula moja."

"Ikawaje?"

"Likanigonga tumboni," akasema Nyegere. "Nikaona lina mtu."

Alasiri ile vifaranga wakatoka, wote, mmoja akiwa amelowa, mwingine akiwa anagombana tayari. Bi Kanga akakiinamisha kile kibuyu bila matumaini. Kikatoa matone, tone kwa kila mdomo, kisha kikakauka. Wapo wanaosema Nyegere aliwabakishia. Wapo wanaosema ulimi wake haukufika chini. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimepotea Lubumbashi.

Nyegere alirudi kichuguuni kwake. Habari ya kumhamisha haikusemwa tena na mtu. Na mzinga ulipojaa, yeye ndiye aliyeitwa kwanza, maana kila mtu alijua anataka nini.

Basi somo lenu hili hapa. Mtu akija mlangoni kwako akakuambia anataka nini, hata kama anachokitaka kinakutia hofu, unaweza kupatana naye. Unajua pa kumfunga kamba. Lakini akija anayesema hataki kitu, mwulize tena, na kikapu chake mwombe akifungue. Na kushuku si kosa. Kosa ni kumshuku mtu kwa sababu tu wote wanamshuku, ukaacha kuangalia mdomo wake kama umelowa au ni mkavu.

Hadithi yangu nimeitua chini. Ikiwa nyepesi, ibebeni mwende nayo. Ikiwa nzito, niachieni, nimezoea mizigo. Walioelewa walale vizuri, wasioelewa wale vizuri.

Naam, Mama Sikudhani? Unataka kujua Bi Kanga alijuaje kwamba Nyegere hatayala yale mayai?

Hata Mzee Nungunungu alimfuata na swali hilo hilo. Alisimama mlangoni, viazi vyake kwapani, akataka aambiwe. Aliona nini? Alama usoni? Sauti? Kuna namna mtu mwema anavyonusa? Maana yeye, alisema, kwa akili zake zote asingemwachia.

Bi Kanga alikuwa anawapangusa watoto. Hakuinua kichwa.

"Sikujua," akasema. "Toka mlangoni, unawazibia watoto jua."